Mambo Madogo Ayakumbukayo Mtu Akiwa Ugenini

(Hotuba kwa wazee, walimu na wazazi wa Bagamoyo na pwani iliyo kaskazini ya Dar es Salaam)



Nimetakiwa niseme machache juu ya watu wetu waendao kukaa nchi za mbali. Habari za nauli, karo na hati za safari mmekwisha kuelezwa na wazijuao kuliko mimi, nami sitazirudia. Nitasema juu ya jambo ambalo wengi hulidharau, hata hulicheka, nalo ni chakula cha nyumbani na zile desturi ndogo ndogo za kila siku ambazo mtu hajui thamani yake mpaka azikose.

Baba akiagana na mwanawe aendaye kusoma Ulaya, Marekani au Bara Hindi, humpa mausia makubwa: shika masomo, jihadhari na marafiki wabaya, usisahau kwenu. Huuliza habari za baridi, akamnunulia koti. Lakini hamwulizi, “Je, mwanangu, wajua kupika wali ukaiva?” Basi kijana hufika huko, koti analo na masomo ayaweza, lakini mwezi wa pili mwili humpungua na maneno yake huwa machache. Akiwapasha habari wazee wake ya kuwa chakula cha huko hakimpiti kooni, hujibiwa, “Tumekupeleka kusoma, wewe walilia wali?” Toka siku hiyo hasemi tena hali yake ya kweli. Kila akiulizwa hujibu, “Sijambo,” hata kama hajambo lake halina nguvu. Neno hilo moja la dharaka limekwisha kufunga mlango kati ya mtoto na wazazi wake, nalo ndilo lililonifanya nisimame mbele yenu leo.

Mji wetu haupasi kusahau jambo hili, maana ulikuzwa na watu wa mbali. Katika karne ya 19 misafara ya pembe za ndovu ilishuka hapa kutoka Unyamwezi, mwendo wa karibu miezi mitatu kwa miguu. Wapagazi kwa maelfu walikaa hapa wakingoja mizigo ya kurudi nayo bara, yaani nguo, ushanga na nyaya za shaba. Hao walikuwa watu wa ugali wa mtama na michembe ya viazi, nao walijikuta katika mji wa wali, nazi na samaki wa bahari. Jina la Bagamoyo wengine hulieleza kuwa ni kubwaga moyo kwa furaha ya kutua mzigo, na wengine husema ni kubwaga moyo kwa huzuni. Maelezo yote mawili yana moyo ndani yake, kwa kuwa mtu afikaye mbali huweza kuwa na furaha na huzuni siku moja.

Sasa nitawataja watu wawili wa pwani hii waliokaa Ujerumani zamani, nao habari zao zajulikana.

Wa kwanza ni Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, Sultani wa Unguja. Alizaliwa mwaka 1844. Mwaka 1866 alitoka Unguja kwa siri, akaolewa na Mdachi, akakaa Hamburg, akaitwa Emily Ruete. Mumewe alifariki mwaka 1870, akamwacha na watoto watatu wadogo katika nchi ya baridi. Mwaka 1886 alitoa kitabu cha habari za maisha yake. Msomaji hutazamia kukuta humo fitina za jumba la kifalme tu, nazo zimo. Walakini kurasa nyingi ni za mambo ya nyumbani: jinsi watu walivyoketi kula, nani alikaa wapi, watoto walivyolelewa, wageni walivyopokewa, mfungo na siku kuu zilivyoadhimishwa. Alifariki Jena mwaka 1924.

Wa pili ni mtu wa hapa hapa petu, Mtoro bin Mwinyi Bakari, aliyezaliwa Dunda, akapata elimu ya dini Bagamoyo. Mwaka 1900 alikwenda Berlin kufundisha Kiswahili katika chuo cha lugha za mashariki. Mwaka 1903 kilipigwa chapa Göttingen kitabu kiitwacho Desturi za Wasuaheli, kilichotengenezwa na Carl Velten, na sehemu kubwa ya habari zake zilitoka kwa Mtoro. Ukikifungua hukuti sifa za wafalme. Wakuta maamkizi, ada za kula, malezi ya watoto, harusi, ngoma na michezo. Mwaka 1904 Mtoro alimwoa mwanamke wa Kidachi. Mwaka uliofuata aliacha kazi, akafunga safari ya kurudi kwao pamoja na mkewe. Serikali ya Wadachi iliyotawala huku wakati ule ikawazuia kushuka, kwa sababu haikutaka ndoa ya mtu mweusi na mwanamke wa Kizungu ionekane katika nchi hii. Wakarudi Ujerumani, naye alifariki Berlin mwaka 1927 bila kukaa tena katika mji wake.

Tazameni ajabu hii. Vitabu hivi viwili vyategemewa sana na watu watafutao habari za maisha ya kila siku ya pwani yetu katika karne ile, na vyote viwili vilitolewa Ujerumani, na watu waliokuwa mbali na kwao. Aliyeko kwao haandiki jinsi mgeni akaribishwavyo, kwa kuwa humkaribisha. Haandiki namna ya kunawa na kuketi penye sinia, kwa kuwa hunawa akaketi. Mambo hayo humjia mtu mbele ya macho akiwa mahali yasipofanyika. Basi mtu asimcheke kijana atajaye wali wa nazi katika barua yake. Binti wa Sultani na mwalimu wa Berlin waliyaona mambo ya namna hiyo kuwa yastahili kuwekwa katika kitabu.

Sasa na tuulize, ni kitu gani hasa hukosekana? Chukueni nazi iwe mfano. Hapa kwetu mama huvunja nazi, hukaa juu ya mbuzi akaikuna, huichuja tui la kwanza lililo zito akaliweka kando, kisha hutia maji akakamua tui la pili lililo jepesi. Wali hupikwa kwanza kwa tui jepesi, lile zito huja baadaye, kisha hupaliwa makaa juu ya kifuniko. Katika samaki na kisamvu pia tui zito hutiwa mwisho, tena hukorogwa pole pole lisikatike. Huko Ulaya tui hununuliwa katika kopo, na mengi ya makopo hayo hutoka Thailand na nchi nyingine za Asia. Kijana asiyefundishwa hufungua kopo, akamimina lote mara moja, akachochea moto. Mchuzi hukatika ukafanya mafuta juu na maji chini. Huonja, akasema moyoni, “Nchi hii haina nazi.” Nazi ipo, ila hapakuwa na mtu wa kumwambia kwamba sehemu ya kopo itengwe, iliyobaki ichanganywe na maji iwe tui jepesi, na ile iliyotengwa itiwe mwishoni.

Hali ni hiyo hiyo kwa unga. Marekani unga wa mahindi ulio mwingi madukani ni wa manjano na una chenga, na ugali wake haufanani na wetu. Wengi husonga kwa unga wa ngano ulio wa chenga nyeupe, hata wapate duka la Waafrika lenye unga mweupe. Samaki naye mara nyingi huuzwa amekwisha kukatwa kichwa, na kila mpishi wa pwani ajua kichwa kina kazi gani katika mchuzi.

Walakini chakula ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni desturi. Hapa mtoto akipita barazani huamkia “Shikamoo,” akaitikiwa “Marahaba,” na katika kuitikiwa huko ajua kwamba ameonekana. Katika miji mikubwa ya ng'ambo watu huweza kukaa nyumba moja miaka mingi, ukuta kwa ukuta, wala wasijuane majina. Hapa mtu hupiga hodi akakaribishwa, hata akikuta watu wanakula huambiwa, “Karibu chakula.” Kule rafiki hutangulia kuuliza siku na saa ya kuja. Hao si watu wabaya. Ndivyo walivyolelewa, na wengi wao wakikualika hukutendea wema mwingi. Lakini mgeni asiyejua hudhani amekataliwa. Hata saa humgeukia. Sisi twahesabu saa tangu kuchwa na tangu kucha, nao huhesabu tangu usiku wa manane na tangu adhuhuri. Saa yetu ya moja asubuhi kwao ni saa saba. Jambo dogo, lakini mtu hulazimika kugeuza hesabu ya siku yake yote kichwani mwake.

Na jioni ikifika, hapa kuna kahawa na kashata, bao na mazungumzo barazani. Kule, wakati wa baridi kali, giza huingia mapema na kila mtu hufunga mlango wake. Hapo ndipo kijana hukumbuka sinia. Wali huweza kuupika, lakini sinia hulikuta lina mkono mmoja tu.

Yafaa pia tujifunze kwa waliofaulu. Baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya mwaka 1964, jamaa wengi wenye asili ya Omani walitoka visiwani. Mwaka 1970 Sultani Qaboos alipotawala, Waomani waliokuwa nchi za nje waliitwa warudi kuijenga nchi, na wengi wa watu hao walikwenda. Kwa nasaba walikuwa wanarudi kwao. Kwa ulimi walikuwa wameondoka kwao. Hata leo Muscat utasikia Kiswahili na utakula mandazi. Hawakuyahifadhi kwa kulia. Waliyahifadhi kwa kupika pamoja, kwa kualikana, na kwa kuwafundisha watoto, hata wajukuu ambao wengine hawajaiona Unguja waweza kuyapika.

Kwa hiyo, ndugu zangu, naleta mashauri manne.

Kwanza, mtoto aendaye mbali afundishwe kupika kabla ya safari, wa kiume sawasawa na wa kike. Mwanamume asemaye kwamba jiko si mahali pake atakuta ugenini hakuna dada wa kumpakulia. Tena afundishwe kwa vipimo. Bibi zetu husema, “Tia maji kiasi,” na “ukiona imeiva, epua.” Maneno hayo yamtosha aliyesimama karibu na chungu, wala hayamfai aliye Chicago. Pimeni kwa kikombe na kijiko, mwandike.

Pili, msimpe mzigo utakaomtia matatani. Nchi nyingi hukataza kuingiza nyama, matunda mabichi, mbegu na miche, na mtu afichaye hutozwa faini. Viungo vikavu kama iliki, mdalasini na pilipili manga ni vyepesi kuchukua, lakini aulize sheria ya nchi aendayo, na akifika aseme kweli alicho nacho.

Tatu, mkizungumza naye msimweleze habari za deni na misiba tu. Mwambieni maembe yameanza, bahari imekupwa hata watu wanaokota chaza, mzee fulani ameshindwa bao. Naye akisema amekumbuka kisamvu, msimkemee. Mwulizeni, “Umekipikaje?” Swali hilo litamfanya aseme na mengine yaliyomo moyoni.

Nne, tutazame wageni waliomo humu mwetu. Chuo cha Sanaa kilichoanzishwa hapa mwaka 1981, ambacho sasa chaitwa TaSUBa, huleta vijana kutoka mikoa mingi. Wako walimu, waganga na mapolisi waliohamishiwa kwetu kutoka bara. Mhaya yupo mbali na ndizi zake, Msukuma na michembe yake, Mmasai na maziwa yake. Sisi huwacheka tukisema hawajui kula samaki. Yule tumchekaye anaona hapa yale ambayo mtoto wetu anayaona London. Kumwuliza mgeni, “Kwenu mnakula nini?” hakuna gharama, na kumpa nafasi jikoni siku moja apike cha kwao ni heshima atakayoisimulia miaka mingi.

Nawaomba walimu jambo moja la kuanzia. Kila mwanafunzi wa darasa la juu apewe kazi ya kukaa na bibi yake, au mama yake, aandike chakula kimoja tangu mwanzo hata mwisho: vitu vyake, vipimo vyake, na maneno wasemayo watu wakiketi kukila. Madaftari hayo yawekwe shuleni.  Watoto wetu si lazima wayachukue yote kichwani, maana bibi zao wangali hai na kalamu zipo.