Kisukari na Madini ya Damu: Kipi Kipimwe Kwanza?

(Mazungumzo ya afisa wa maabara na wakazi wa Mji wa Kale)

Swali tunaloulizwa mara kwa mara ni hili: mwenye kisukari apimwe madini katika damu? Kuna waliokwisha kununua tembe za zinki na kromiamu kwa kuambiwa zinamaliza kisukari.

Uhusiano upo. Kongosho huhifadhi insulini ikiwa imeshikamana na zinki. Sukari ikiwa juu, mtu hukojoa sana, na zinki na magnesiamu hutoka na mkojo. Ndiyo maana watafiti hupima madini haya.

Lakini kipimo cha zinki kina masharti. Mililita moja ya majimaji ya damu huwa na takriban mikrogramu 1 tu ya zinki, yaani sehemu moja ya milioni ya gramu. Vumbi, au mpira wa kifuniko cha chupa ya kawaida, waweza kuongeza kiwango hicho, kwa hiyo huhitajika chupa maalum. Seli nyekundu zikipasuka, jibu hupanda. Ukiwa na homa ya maambukizi, hushuka. Jibu moja pekee halitoshi kusema una upungufu.

Na tembe je? Chama cha Kisukari cha Marekani hakishauri kutumia madini kama kromiamu ili kushusha sukari. Zinki nayo ikizidi kwa muda mrefu huzuia mwili kupata shaba, na hilo huleta upungufu wa damu na kudhuru neva. Hatari kubwa zaidi ni kuacha dawa. Mwenye kisukari cha aina ya kwanza akiacha insulini, aweza kufa kwa siku chache.

Basi shilingi yako ianze na kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari kwa takriban miezi 3. Kisha figo, macho, miguu na presha. Kama umetumia metformin kwa miaka mingi na miguu inakufa ganzi, muulize daktari kuhusu vitamini B12, kwani dawa hiyo huweza kuipunguza.

Zinki tunayo sokoni Marikiti: mbaazi, kunde, korosho, nyama, kaa na kamba. Loweka mbaazi usiku kucha na umwage maji yake. Mwili utaipata zinki vizuri zaidi. Mahamri ya kuandamana nazo yasizidi. Mwenye ugonjwa wa figo apate ushauri kwanza.

Kabla ya kulipia kipimo cha madini, muulize daktari: jibu lake litabadilisha matibabu yangu? Na ukija kliniki, iwe Hospitali Kuu ya Pwani pale Makadara au zahanati ya karibu, beba dawa zako zote, pamoja na tembe za dukani, tuzione.