Bei, Mapinduzi na Wachumi wa Vienna



Swali nililopewa ni kama nadharia ya wachumi wa Austria inagongana na malengo ya mapinduzi ya kisiasa. Wengi wetu tukisikia majina ya Mises na Hayek tunamaliza shauri mapema: hao ni watetezi wa mabepari, mwanamapinduzi hana la kujifunza kwao. Mimi nayatenganisha mambo mawili. Kwenye suala la bei sioni mgongano, naona swali ambalo mapinduzi yoyote hulikuta mezani mara yanaposhika dola. Mgongano upo kwenye suala la nani ana haki ya kutawala.

Mwaka 1905, Eugen von Böhm-Bawerk, aliyekuwa ametoka kwenye uwaziri wa fedha mwaka mmoja nyuma, aliendesha semina katika Chuo Kikuu cha Vienna. Humo walikaa Ludwig von Mises na Joseph Schumpeter, pamoja na vijana wa Kimarx, Otto Bauer na Rudolf Hilferding. Hilferding alikwisha kumjibu mwalimu huyo kwa maandishi, akimtetea Marx. Miaka 14 baadaye himaya ya Austria ilikuwa imevunjika. Bauer alikuwa waziri wa mambo ya nje wa jamhuri na mwenyekiti wa tume ya kutaifisha viwanda, Schumpeter waziri wa fedha, na Mises mchumi wa chemba ya biashara. Mises aliandika baadaye kwamba yeye ndiye aliyemshawishi Bauer asiige njia ya Warusi. Huenda. Lakini Vienna wakati huo ilikula chakula kilicholetwa na mataifa yaliyoishinda vitani, na nadhani njaa ilimshawishi Bauer zaidi ya Mises.

Mwaka huohuo wa 1919, mjini Munich, Otto Neurath, mzaliwa wa Vienna, alikabidhiwa ofisi ya kupanga uchumi wa Bavaria. Kwa maoni yake vita vilikwisha kuonyesha kwamba serikali inaweza kuendesha uchumi bila soko. Basi fedha iondolewe, tuhesabu vitu vyenyewe: tani za makaa, magunia ya ngano, saa za kazi. Mises alijibu fikra hiyo kwa makala ya mwaka 1920, na hoja yake haikuwa kwamba wajamaa ni wavivu au wabaya. Tuseme kamati ina chuma kidogo, na inaweza kujenga reli, kutandaza mabomba ya maji au kutengeneza majembe. Kila mradi unakula chuma, saruji na mafundi kwa viwango vyake. Penye bei, unajumlisha gharama na kulinganisha. Pasipo bei, tani ya chuma na siku ya fundi havijumlishiki, hata kamati iwe ya malaika. Mwaka 1945 Friedrich Hayek akaongeza kwamba ujuzi unaohitajika umetawanyika kwa watu wengi mno, na bei huukusanya bila mtu kuitisha mkutano. Mjamaa Oskar Lange, aliyetaka wapangaji wa serikali wenyewe watumie bei, aliandika kwa utani kwamba Mises anastahili sanamu katika ukumbi wa wizara ya kupanga uchumi wa kijamaa.

Hapa kwetu somo hilo lilifundishwa na foleni. Tume ya Bei iliundwa mwaka 1973. Bei ya sabuni ikapangwa Dar es Salaam, na miaka michache baadaye dukani hamna sabuni, ila mlango wa nyuma ipo, kwa bei ya ulanguzi. Mwaka 1983, Edward Sokoine akiwa Waziri Mkuu, ukaanza msako wa wahujumu uchumi. Walanguzi walikuwapo kweli, sibishi, na vita vya Kagera na bei ya mafuta vilikwisha kutukamua. Lakini bei iliyopangwa chini ya gharama humzaa mlanguzi mwingine kila asubuhi. Kusema hivi si kulikana Azimio la Arusha. Azimio lilijibu nani amiliki njia kuu za uchumi. Halikumlazimisha mtu apange bei ya sabuni ya Sumbawanga akiwa Dar es Salaam.

Kwamba mapinduzi yanaweza kupiga hesabu, Vienna yenyewe ilionyesha. Jiji chini ya wanademokrasia wa kijamii, Hugo Breitner akisimamia fedha, lilitoza kodi watumishi wa majumbani, magari na farasi wa mashindano. Mwaka 1923 ikaja kodi ya ujenzi wa nyumba, iliyowabana zaidi wenye makazi makubwa. Zikajengwa nyumba zaidi ya 60,000 za wafanyakazi. Jengo la Karl-Marx-Hof pekee, lililofunguliwa mwaka 1930, lilikuwa na nyumba 1,382, na ndani yake mabafu, vyumba vya kufulia, chekechea na maktaba. Saruji ilinunuliwa kwa bei na fundi alilipwa ujira. Mises aliipinga siasa ya namna hii, akisema nchi inakula mtaji wake. Hoja hiyo ingeweza kubishaniwa kwenye kura. Februari 1934 mizinga ya serikali ya Kansela Engelbert Dollfuss ikalipiga jengo hilo, na kura zikaisha.

Hapo ndipo wachumi wetu wanaponitia shaka. Katika kitabu chake cha mwaka 1927 kuhusu uliberali, Mises aliandika kwamba ufashisti, kwa wakati ule, uliuokoa ustaarabu wa Ulaya, ingawa alionya kuwa ni dawa ya dharura tu. Hayek alikutana na Augusto Pinochet, dikteta wa Chile, mwaka 1977, na mwaka 1981 akaliambia gazeti la huko la El Mercurio kwamba kuliko demokrasia isiyo na uliberali, yeye binafsi angemchagua dikteta mliberali. Nadharia ya bei haimlazimishi mtu kufika huko. Walifika kwa sababu waliogopa zaidi mali kuguswa kuliko kura kunyimwa.

Linalotugusa sisi zaidi limo katika kitabu hichohicho cha 1927. Mises anatetea haki ya hata kijiji kimoja kujitenga na dola kisichoitaka. Ukoloni anaulaani kwa maneno makali kuliko wajamaa wengi wa zama zake, anasema ni historia iliyolowa damu. Ukitazamia ahitimishe kwamba wakoloni waondoke, anageuka. Wakiondoka ghafla, anasema, itabaki vurugu, na Ulaya inategemea malighafi za Afrika. Kwa hiyo makoloni yawe chini ya usimamizi wa Shirikisho la Mataifa, kwa utaratibu wa udhamini. Tanganyika ilikwisha kuwa chini ya utaratibu huo tangu 1922, Mwingereza akiwa mdhamini. Machi 1955, udhamini ukiwa umehamia Umoja wa Mataifa, Mwalimu Nyerere alisimama mbele ya Baraza la Udhamini la umoja huo, akaomba itamkwe kwamba Tanganyika itakuwa nchi ya Waafrika kwanza. Kijiji cha Ulaya kingeamua kesho. Sisi tungoje, mpaka biashara ya malighafi isiwe hatarini, na atakayesema haiko hatarini tena ni mnunuzi. Ningependa mjadala wetu uanzie hapo.