Kabla ya Kulipia Gari Kutoka Japani, Soma Historia Yake

Rangi inayong'aa haithibitishi uzima wa gari. Magari mengi yaliyotumika Japani huuzwa kwanza kwenye minada, na mkaguzi wa mnada hujaza karatasi yenye daraja la gari, kilomita, mikwaruzo na kutu. Alama R au RA kwa kawaida humaanisha gari liliwahi kupata ajali au kutengenezwa kwenye fremu. Karatasi hiyo huandikwa kabla anayekuuzia hajapata nafasi ya kulipiga gari rangi upya au kurudisha kilomita nyuma. Kwa hiyo idai, kisha linganisha namba ya chesisi iliyomo na ile iliyogongwa kwenye gari lenyewe. Dai pia cheti cha usafirishaji, kwani mara nyingi huonyesha kilomita zilizosomwa kwenye ukaguzi wa lazima wa Japani.

Wapo wanaosema gari limekwisha kukaguliwa kabla ya kupanda meli, hivyo hakuna haja ya karatasi hizo. Ukaguzi huo una manufaa, lakini unapima hasa kama gari linafaa barabarani leo, hausimulii lilikopita. Wengine humtegemea fundi. Fundi ni muhimu, ila hata fundi hodari anaweza asione fremu iliyonyooshwa kwa ustadi. Na anayelalamikia gharama ya kuhakiki aipime na bei ya injini au giaboksi. Muuzaji akikataa kutoa karatasi, usilipe hata malipo ya awali. Fedha iliyokwisha kutumwa ng'ambo ni ngumu kurudi, na gari lenye fremu mbovu linaweza kugharimu maisha.