Seneta apimwe kwa Hansadi

Hapa Gusii tumezoea kumpima seneta kwa hotuba za mazishini. Kipimo hicho hakitoshi. Machi 2024 Seneti ilimwondoa Naibu Gavana wa Kisii, Robert Monda, na sote tukaona uzito wa bunge lile. Lakini kesi kama hiyo ni nadra. Kazi ya kila siku, kwa kifungu cha 96 cha Katiba, ni kutetea kaunti: mgao wa fedha, kisha jinsi magavana wanavyozitumia. Michango yote ya mijadala imo kwenye Hansadi, yaani kumbukumbu rasmi za Bunge, na mwananchi ana haki ya kuisoma. Maseneta wetu, Richard Onyonka wa Kisii na Okong'o Omogeni wa Nyamira, waulizwe: mgao ulipojadiliwa, mlisimama mkasema nini?