Pumziko Linaloletwa na Nuru: Mwezi, Dagaa na Sala katika Mwambao wa Ziwa Victoria

 

Hoja yangu jioni hii ni moja. Mkristo wa mwambao huu anaishi kwa kalenda mbili. Ya ukutani inampangia Jumapili, Kwaresima na Krismasi. Ya angani, ile ya mwezi, inampangia kazi, mapato na usingizi. Tangu misheni ya Bukumbi ilipoanzishwa mwaka 1883, tumezoea kumchunga kwa ile ya kwanza. Ya pili tumewaachia wavuvi na ndugu zetu Waislamu, ilhali imebeba mafundisho ambayo Wakristo wa kale, wengi wao Waafrika, waliyathamini sana.

Tuanze na kazi yenyewe. Nendeni Igombe au Kayenze, au vukeni hadi kambi za Ukerewe, wakati wa giza, yaani siku zisizo na mwezi. Taa za wavuvi wa dagaa zimetapakaa majini hadi utadhani kuna mji mwingine katikati ya ziwa. Zamani zilikuwa karabai. Siku hizi nyingi ni taa za betri na sola. Usiku dagaa hupanda kutoka kilindini kufuata vijidudu wanaowala, na mwanga wa taa huwakusanya. Wavuvi husubiri, kisha huwazungushia wavu na kuuvuta. Alfajiri akina mama wako mwaloni, mitumbwi inapotia nanga, na beseni zao. Jua likipanda, dagaa wameshaanikwa mchangani au kwenye vichanja, na mikono inapita juu yao kuwatawanya wasigandamane.

Mwezi ukikua, mambo hubadilika. Ukishakuwa mpevu, nuru yake huenea ziwa zima, na taa ya mvuvi haina tena nguvu ya kuwakusanya dagaa. Hiyo ndiyo mbalamwezi. Mitumbwi hupumzishwa, nyavu hushonwa, tajiri mwenye mitumbwi na wavuvi wake hupiga hesabu, na baba hurudi nyumbani kwa siku kadhaa.

Hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo. Mkulima huweka jembe chini kwa sababu giza limeingia. Mvuvi wa dagaa hupumzika kwa sababu nuru imezidi. Taa aliyoitegemea inazidiwa na nuru ambayo hakuiwasha, hailipii, wala hawezi kuizima. Sijapata mfano bora zaidi wa kueleza maana ya Sabato. Mtu anaacha kazi kwa sababu Mungu ameangaza, wala si kwa sababu nguvu zimemwishia.

Kanisa nalo limeweka sikukuu yake kuu chini ya nuru hiyohiyo. Pasaka huadhimishwa Jumapili ya kwanza baada ya mwezi mpevu unaoangukia tarehe 21 Machi au baada yake, kwa hesabu ya Kanisa. Mtaguso wa Nikea wa mwaka 325 ulitaka Wakristo wote waiadhimishe siku moja, na mabingwa wa hesabu hiyo walikuwa Alexandria, hapa Afrika. Kila mwaka askofu wa mji huo aliandika barua ya kutangaza tarehe. Barua ya namna hiyo ya Athanasio, ya mwaka 367, ndiyo yenye orodha ya vitabu 27 vya Agano Jipya tunavyovisoma leo. Augustino wa Hippo, katika Algeria ya sasa, ambaye chuo kikuu cha Malimbe kinaitwa kwa jina lake, alimwandikia Januario barua ndefu kueleza kwa nini Pasaka hufuata mwezi, na humo humo akaupinga unajimu. Ambrosi wa Milano aliliona Kanisa katika mwezi: halina nuru yake lenyewe, linaangaza kwa nuru ya Kristo.

Matokeo yake kwa mwambao wetu ni makubwa. Juma Kuu huangukia mbalamwezi kila mwaka. Mwaka 2024 mwezi ulikuwa mpevu tarehe 25 Machi, Pasaka ikawa tarehe 31. Mwaka 2025 ulikuwa mpevu Jumapili ya Matawi, 13 Aprili. Mwaka 2026, Alhamisi Kuu, 2 Aprili. Krismasi haina uhakika huo: tarehe 25 Desemba 2025 mwezi ulikuwa mchanga, ukatua mapema, na ziwa likabaki gizani. Kwa hiyo Juma Kuu ndilo linalomkuta mvuvi wa dagaa nchi kavu, nyavu zikiwa zimekunjwa.

Sisemi mwezi una uwezo. Haugawi bahati, na anayeuabudu amewekewa onyo na Kumbukumbu la Torati. Paulo naye aliwaambia Wakolosai wasikubali kuhukumiwa kwa habari ya mwandamo wa mwezi. Mwendo huu wa mwezi ni zawadi, wala si sheria. Anayeupokea atasali hivi: mwezi ukiandama, aikabidhi kwa Mungu kazi inayoanza, ukikua, ashukuru kwa kila kilichoongezeka, ukiwa mpevu, apumzike na kupatana na wa nyumbani mwake, ukififia, akubali kupungukiwa bila kukata tamaa.

Nawasihi basi, viongozi wa parokia, sharika na makanisa ya mwambao. Mnapopanga ratiba ya mwaka, andikeni mbalamwezi zote. Semina za ndoa, mafundisho ya ubatizo na mikutano ya familia ziwekeni siku hizo, maana ndipo akina baba wapo, na ndipo fedha ya mwezi mzima huishia kilabuni kama hakuna aliyewaita kwingine. Giza likirudi, shukeni mwaloni jioni muwaombee wavuvi kabla hawajang'oa nanga. Wakati wa kuwalisha kondoo hawa umekwisha kupangwa angani. Tusiwape makombo ya ratiba yetu.