Programu Ibaki kwa Mratibu: Usafiri wa Pamoja Vijijini Shinyanga na Geita

Ikitajwa programu ya usafiri, wengi wetu humuwaza kijana wa Dar es Salaam anayeita gari kwa simu janja na kulitazama likisogea kwenye ramani. Mfano huo hauendi Nyang'hwale wala Kishapu. Hata Dar uliyumba: Aprili 2022 Uber ilisimamisha huduma kwa kutoafikiana na LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini, kuhusu nauli na kamisheni, ikarejea Januari 2023. Hesabu zikigoma penye abiria kila kona, zitakuwaje penye abiria wawili asubuhi na mmoja jioni?

Mfano wa kufaa tunao hapa hapa. Mpango wa m-mama ulijaribiwa Sengerema, jirani na Geita, na huku Shinyanga, kabla serikali haijaanza kuusambaza nchi nzima mwaka 2022. Mama mjamzito akipata dalili za hatari, ndugu au mhudumu wa afya anapiga 115 bure. Mratibu anauliza maswali huku programu ikimwongoza: hali ikoje, kituo gani kinafaa, gari la wagonjwa liko wapi. Likiwa mbali, anampigia dereva wa kijamii aliyesajiliwa jirani na mgonjwa. Dereva hamdai mama nauli. Analipwa kwa simu baada ya kumfikisha.

Programu iko mbele ya mratibu. Familia inahitaji kitochi, simu ndogo ya kawaida, chenye chaji tu. Huo ndio msingi ninaopendekeza kwa safari za kawaida pia.

Kinachopandisha nauli vijijini ni kurudi tupu. Bodaboda anayempeleka mtu kijijini kutoka Katoro anamtoza na safari ya kurudi, na simlaumu: jioni bosi anasubiri hesabu yake. Wakati huo huo, katika kijiji anakoishia kuna mwalimu anayetaka kwenda benki na mama mwenye magunia mawili ya mpunga, na hakuna anayejua habari za mwenzake. Mratibu mwenye orodha ya maombi angewakutanisha, na nauli ingegawanyika. Malipo yasitusumbue; nyota 150 nyota 00 reli ya M-Pesa watu wanaibonyeza gizani. Abiria na dereva wakubaliane tu mapema kama nauli ni pamoja na ya kutolea, maana ugomvi mwingi huanzia hapo.

Geita ina mambo yake. Ikisikika rashi mahali, yaani dhahabu mpya imeonekana, vijana wanahamisha pikipiki kwenye maduara ya wachimbaji na kijiwe cha kijiji kinabaki na wawili watatu. Orodha ya majina ya madereva itachakaa upesi. Heri tusajili vijiwe, na mwenyekiti wa kila kijiwe amweleze mratibu kila asubuhi nani yupo.

Halafu kuna michomoko, magari madogo kama Probox yanayobeba abiria. Tusijidanganye: siku za mnada ndiyo inayobeba watu, na mingi haina leseni ya abiria. Mwenye Probox hatajiandikisha mahali anapohofia kukamatwa. LATRA na polisi wakubali kipindi cha kuwasajili na kuwakagua kabla ya faini, la sivyo mfumo utakuwa na magari yasiyohitajika na kukosa yanayotembea.

Mratibu atalipwa na nani? Marekebisho ya Sheria ya Madini ya 2017 yanazitaka kampuni za madini ziandae kila mwaka mpango wa uwajibikaji kwa jamii na kukubaliana na halmashauri. Madawati na madarasa yana nafasi yake humo. Mishahara ya waratibu wawili haiwezi kuutikisa mpango huo.

Tuanze na njia moja, Katoro hadi Nyarugusu, siku za mnada. Mratibu ajue Kisukuma na aijue njia kwa macho, kwa sababu bibi anayeita usafiri hatataja mtaa. Atasema yuko kwenye mwembe, ukishapita karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Na dereva alipwe siku ile ile. Pesa ikilala wiki mbili, atakuwa ameshaacha kupokea simu za mratibu.