Watoto wacheze saa za shule: maneno kwa wazazi na viongozi

Ndugu wazazi, walimu, wakuu wa vijiji na wa kambi,

Leo tunazungumza juu ya jambo ambalo wengi wanaliona dogo: michezo na mazoezi ya mwili ya watoto wetu wakati wa shule. Tunajua mna shida nzito zaidi: chakula, hema linalovuja, shamba lililobaki nyuma. Lakini mtoto hangoji vita viishe ndipo akue. Anakua sasa.

Tangu mwaka 2019, serikali ilipoondoa malipo katika shule za msingi za umma, watoto wengi zaidi wameingia darasani. Vita navyo vimesukuma jamaa nyingi kutoka Masisi, Rutshuru, Djugu na kwingineko, na shule zilizowapokea zimejaa. Shule nyingine zinafundisha kundi moja asubuhi na jingine mchana. Ili saa zitoshe, jambo la kwanza kukatwa ni mapumziko na jimnastiki. Mtoto anakaa amebanwa kwenye benchi na wenzake, kisha anarudi mahali ambapo hema limegusana na hema, hakuna hata nafasi ya kuruka kamba.

Shirika la Afya Duniani, katika mashauri yake ya mwaka 2020, linasema kwamba mtoto wa miaka 5 hadi 17 anahitaji wastani wa dakika 60 kwa siku za kuchangamsha mwili hadi moyo uende mbio. Tena angalau siku 3 kwa juma afanye mazoezi ya kuimarisha misuli na mifupa, kama kukimbia na kuruka. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao nchi yetu iliuridhia mwaka 1990, unataja kucheza na kupumzika kuwa haki, katika kifungu cha 31. Basi mchezo si zawadi ya mtoto mwenye alama nzuri.

Wazazi wengine wanasema: "Nimemtuma mtoto kusoma, si kucheza." Tunawaelewa. Lakini mtoto aliyekaa muda mrefu bila kujinyoosha anachoka, anasinzia, anamsumbua jirani yake. Akisimama na kuruka kidogo, anarudi kwenye somo akiwa macho. Na mtoto aliyeona mambo mabaya njiani anapata faida nyingine. Mchezo wenye kanuni, kila siku saa ile ile, pamoja na mtu mzima anayemwamini, unamrudishia mazoea ya maisha ya kawaida. Hautibu kila kidonda. Mtoto asiyelala, anayeogopa daima au anayekataa kucheza kwa majuma mengi, mpelekeni kwenye kituo cha afya.

Sasa tufanye nini, nasi hatuna mali? Tuanze na hesabu. Mapumziko yawe dakika 15, yasikatwe. Kati ya masomo, mara 3, mwalimu asimamishe darasa kwa dakika 5: kunyoosha mikono, kuruka papo hapo, kupiga makofi kwa wimbo. Jumla ni dakika 30, nusu ya zile 60. Nusu nyingine mtoto ataipata kwa kutembea haraka kwenda shule na kucheza nyumbani. Mpira tunaweza kuufunga kwa mifuko ya plastiki na kamba za migomba. Nzango haiombi kitu ila miguu, makofi na wimbo, na wasichana wetu wanaijua vizuri.

Lakini tunawaomba mshike mambo matano.

Kwanza, uwanja uwe salama. Katika sehemu zilizopiganiwa, msifungue kiwanja kipya kabla ya kuuliza wenyeji na wahusika wa kuondoa mabomu. Mtoto akiona chuma asichokijua, asikiguse, asikitupie jiwe. Arudi kwa njia aliyokuja nayo na kumwambia mtu mzima. Jambo hili ni la lazima zaidi kwa jamaa waliorudi vijijini mwao, kama wale walioondoka katika kambi za kando ya Goma mwezi wa pili wa mwaka 2025. Na pale penye mawe ya volkano, wazazi wasafishe kiwanja kwanza, kwa maana mawe yale yanakata miguu isiyo na viatu.

Pili, msitenge timu kwa kabila, wala wenyeji upande huu na waliohama upande ule. Mwalimu ahesabu moja, mbili, moja, mbili, na kila namba iwe timu. Mtoto aliyepewa mpira na mwenzake leo, kesho hatamwita mgeni.

Tatu, wasichana wasiachwe pembeni kubeba maji wakati wavulana wanacheza. Mtoto mlemavu naye apewe nafasi: arushe mpira, ahesabu alama, aongoze wimbo.

Nne, mazoezi yasiwe adhabu, na kunyimwa mapumziko kusiwe adhabu. Tena tusiwapange watoto kama askari, kwa amri na fimbo za kuiga bunduki. Hayo wameyaona ya kutosha.

Tano, tuangalie njaa na maji. Mtoto asiyekula tangu jana asilazimishwe kukimbia. Apewe mchezo wa kukaa au wa kuimba. Pawe na maji safi ya kunywa, na watoto wanawe mikono kwa sabuni, kwani kipindupindu hakiko mbali nasi.

Viongozi wetu, kazi yenu ni kulinda nafasi. Mnapogawa viwanja vya hema, acheni kipande cha ardhi karibu na shule, na asiruhusiwe mtu kukijenga. Kamati ya wazazi ikutane na mkurugenzi wa shule, iulize: mapumziko ni dakika ngapi? Nani anawaangalia watoto? Uwanja umekaguliwa? Maswali hayo matatu hayana gharama, na yanaweza kuulizwa juma hili.

Wazee walisema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Tukiwalea watoto wetu wakikimbia pamoja katika kiwanja kimoja, watajua kuishi pamoja katika nchi moja.